Msimsingizie Porygon

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mkomani

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mpenzi msomaji, leo nimevaa joho la wakili. Mteja wangu si binadamu, wala si mnyama, wala si jini. Ni kiumbe wa gemu anayeitwa Porygon. Najua kuna watakaocheka, na kuna walimu watakaosema kwamba kurasa hizi za Chama cha Kiswahili zingefaa zaidi kwa ngeli na mashairi. Naomba mnivumilie. Mtakapofika mwisho mtaona kuwa kesi hii inamhusu mtoto wa miaka 9 anayelala chumba kimoja na mie hapa Mkomani, na pengine yamhusu mwenzako unayekaa naye dawati moja.

PORYGON NI NANI?

Kwa wasiomjua, nitaeleza kwa ufupi. Pokémon ni gemu iliyotoka Japani tarehe 27 Februari 1996. Aliyeibuni ni Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni alipenda kukusanya wadudu. Mchezaji huzunguka mijini na maporini akikamata viumbe, akiwafunza na kuwapambanisha na wa wenzake. Hapo mwanzo viumbe hao walikuwa 151. Wengi walifanana na panya, nyoka, samaki na maua, lakini wako waliobuniwa kutokana na mitambo. Yuko mmoja mwenye sumaku mbili ubavuni na skrubu mwilini, huyo ni Magnemite. Na nambari 137 ni Porygon, mteja wangu.

Porygon ni kiumbe wa kompyuta. Kwa mujibu wa hadithi ya gemu, mwili wake wote ni programu, na aweza kuingia ndani ya kompyuta akatembea humo kama vile wewe unavyotembea soko la Kongowea. Ukimwangalia waona vipande bapa vya rangi ya waridi na buluu vilivyounganishwa kwa pembe kali, kama ndege wa karatasi, na mdomo wake ni kama wa bata. Jina lake latokana na poligoni, yale maumbo ya pande nyingi ambayo tumeyasoma katika hisabati, kwani picha za kompyuta hujengwa kwa maumbo hayo. Tena gemu yenyewe yasema kuwa Porygon hufanya yale tu aliyowekewa katika programu yake. Hana hila ya kwake mwenyewe. Tafadhali lishike hilo, maana nitalirudia.

Mie nilimjua kupitia kwa mjomba wangu ambaye ni baharia. Mwaka mmoja aliporudi likizo aliniletea Game Boy Color iliyotumika, yenye betri mbili na toleo la Blue ndani yake. Wenzangu walinicheka, wakasema ni kitu cha makumbusho ya Fort Jesus, wao wacheza mpira kwenye skrini kubwa katika vibanda vya gemu. Sikujali. Katika toleo hilo Porygon huuzwa kwa sarafu 6,500, na nilichukua wiki nyingi kuzikusanya. Nilipompata nilihisi kama nimenunua nyumba Nyali.

KESI YENYEWE

Sasa sikizeni mashtaka. Katuni ya Pokémon ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni nchini Japani mwezi wa Aprili 1997. Jioni ya tarehe 16 Desemba mwaka huo, saa kumi na mbili na nusu kwa saa za huko, kilionyeshwa kipindi cha 38. Watoto wengi mno walikuwa wametazama. Katika kisa hicho mashujaa wanaingia ndani ya kompyuta wakiongozana na Porygon. Wanafuatwa na makombora. Pikachu, yule wa manjano ambaye hata asiyecheza gemu amjua, anayapiga makombora kwa umeme wake, nayo yanalipuka.

Wachoraji waliuonyesha mlipuko huo kwa kubadilisha rangi nyekundu na buluu upesi upesi, kiasi cha mara 12 kwa sekunde moja, kwa sekunde chache tu. Mtindo huo wa kumwesa Wajapani huuita paka paka, na wala hauhusiani na paka wa nyumbani. Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Watoto kote nchini walishikwa na kizunguzungu, wengine wakatapika, wengine wakaanguka na kutetemeka. Waliopelekwa hospitali kwa ambulensi walikuwa 685. Alhamdulillahi, hakufa hata mmoja.

Katuni ilisimamishwa kwa miezi minne, ikarudi Aprili 1998. Pikachu alirudi nayo, akaendelea kuwa kinara kwa miaka zaidi ya 25, na picha yake imebandikwa hata kwenye mikoba ya watoto wa chekechea. Je, Porygon? Porygon hakurudi. Baada ya hapo akionekana ni kwa kupita tu, kama mwizi. Gemu ziliendelea kumweka, na akaongezewa maumbo mengine mawili, Porygon2 mwaka 1999 na Porygon-Z mwaka 2006. Lakini katika katuni nao pia walinyimwa nafasi. Yaani baba amefungwa, na mtoto na mjukuu wamefungwa naye.

Mpenzi msomaji, nani aliyepiga umeme? Ni Pikachu. Nani aliyechora mwangaza ule? Ni wanadamu, na nina hakika hawakukusudia ubaya. Porygon alifanya nini? Alikuwa akiwasaidia wenzake kutoka. Kosa lake ni kuwa kisa kilikuwa chake na jina la kipindi lilikuwa lake. Septemba 2020 wenye Pokémon wenyewe waliandika kwenye mtandao kauli fupi kwamba Porygon hakufanya kosa lolote. Haukupita muda wakaifuta. Ama kweli mnyonge hata akiombwa radhi, radhi yenyewe hufutwa.

MBONA WALIMCHAGUA YEYE?

Nimelifikiria swali hili sana. Naona Porygon alilaumiwa kwa sababu mbili. Kwanza alikuwa mgeni. Pikachu alishapendwa na alikuwa akiuza bidhaa, ilhali Porygon hakuwa na mtu wa kumlilia. Pili, alikuwa na sura ya mtambo. Binadamu huona wepesi kukishuku kitu cha chuma na waya kuliko kitu chenye manyoya na macho mazuri.

Na tusiwacheke Wajapani, kwani hata sisi tumo. Wakati wa ukoloni, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, watu waliwakimbia wazimamoto na magari yao wakisema kuwa wananyonya damu za watu. Hapa pwani neno ni mumiani, na mpaka leo nyanya hulitumia kututisha tusizurure usiku. Gari la kuzima moto, lililoletwa kuokoa nyumba, likageuzwa zimwi. Nawaelewa wazee hao. Walitawaliwa kwa nguvu, na mitambo ilikuja na watawala. Hofu yao ilikuwa na sababu, ila iliangukia kitu kisichohusika.

Kuna jambo lililonishangaza zaidi. Porygon ana umbo la ndege, na alishtakiwa kwa kuangusha watoto. Sisi hapa pwani tuna ndege wetu aliyeshtakiwa kwa kosa hilo hilo karne nyingi kabla ya televisheni. Mtoto akipatwa na homa kali akakakamaa na kutetemeka, twasema ana degedege, na neno lenyewe lamtaja dege, yaani ndege mkubwa. Wazee wengine humwita nyuni, ambalo pia ni jina la ndege. Waliamini kuwa ndege huyo wa kishetani hupita juu, kivuli chake kikamwangukia mtoto. Hivyo watoto walifukizwa na kuvalishwa hirizi, ilhali mara nyingi aliyewaangusha ni malaria, na anayeileta malaria ni mbu aliye papo hapo chini ya kitanda. Mtoto huyo alihitaji sindano na dawa upesi. Kila saa iliyotumika kumsaka ndege, mbu alikuwa akipata faida.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Ubaya wa kusingizia hauishi kwa yule aliyesingiziwa. Ukishampata wa kulaumu, moyo hutulia, na moyo ukitulia hautafuti tena. Mkosaji wa kweli huachwa aendelee na kazi yake.

YALIYONIPATA MIE

Nilisema kesi hii inalala chumbani kwangu. Sasa nitaeleza, na mama pamoja na mamangu mdogo wamenipa ruhusa. Mamangu mdogo ana mtoto wa kiume ambaye tunaishi naye. Humu nitamwita Bwana Mdogo.

Jioni moja ya Jumamosi, baada ya Magharibi, stima zilipotea mtaa mzima. Tuliketi barazani, mie na Bwana Mdogo, tukicheza Game Boy kwa mwanga wa taa ya betri. Alikuwa amenisumbua tangu asubuhi, "Kaka, na mie nikamate," basi nikampa. Hakukaa nayo hata dakika tano. Macho yaligeuka juu, mwili ukakakamaa kama mti, akaanguka na kuanza kutetemeka. Povu likamtoka.

Nitasema ukweli hata kama ni aibu. Game Boy ilianguka sakafuni pamoja naye, na mie niliinama nikaiokota hiyo kwanza. Nikaitazama kioo chake kama kimepasuka. Kisha ndipo nikapiga kelele. Nimeomba msamaha kwa Mungu na kwa Bwana Mdogo, lakini sijasahau kuwa kitu cha kwanza nilichokiokoa kilikuwa gemu.

Majirani walijaa. Mmoja alisema atiwe kijiko mdomoni. Mwingine akaja mbio na kitunguu cha kunusa. Mwingine akasema, "Msimguse! Mate yake yaambukiza." Nyanya alitoka ndani akaiona ile Game Boy mkononi mwangu, inawaka bado, na Porygon yuko pale kwenye kioo.

"Ni hicho kidude!" alisema. "Nshawambia mara ngapi? Kidude hicho kina mashetani yake. Angalia hata sura ya hicho kidege!"

Kesho yake ami aliichukua akaenda kuitosa baharini. Nililia, na nakiri kuwa nililia kwa ajili ya sarafu zangu 6,500. Nyumba ikatulia. Mkosaji amepatikana, amehukumiwa, amezamishwa. Hakuna aliyempeleka Bwana Mdogo hospitali, kwa nini apelekwe na kidude kimeshaondoka?

Miezi mitatu baadaye alianguka tena, bombani, akiteka maji. Hapakuwa na gemu. Basi wakasema ni jini la maji. Mara ya tatu alianguka darasani. Shule yake, ambayo sitaitaja, ilimwita mamangu mdogo ikamwambia amweke mtoto nyumbani mpaka apone kabisa, kwa sababu anawatisha wenzake. Hapo nikaona jambo ambalo sikuliona mwanzo. Lawama haikuzama baharini na Game Boy. Ilirudi pwani ikitafuta mnyonge mwingine. Ikapita bombani, ikaishia kwa mtoto mwenyewe.

ALICHOTUAMBIA DAKTARI

Hatimaye mama alisema yatosha, akawachukua wote wawili hospitali, nami nikafuata. Daktari hakuuliza juu ya gemu. Aliuliza alizaliwa vipi. Mamangu mdogo akasema uchungu ulikuwa mrefu na mtoto hakulia upesi. Akauliza kama amewahi kuugua sana. Akajibu kuwa akiwa na miaka 2 alipata malaria kali, akatetemeka usiku kucha. Akauliza kama kabla ya kuanguka mara ya kwanza alikuwa na tabia ya kuduwaa, akamwita asiitike kwa sekunde chache. Mamangu mdogo akanyamaza, halafu akalia. Ndiyo, alikuwa akiduwaa. Alikuwa akipigwa shuleni kwa kuota mchana. Na hayo yalianza kabla mjomba hajaniletea Game Boy.

Tukaambiwa ana kifafa. Ni ugonjwa wa ubongo, ambapo chembe za ubongo hutoa umeme mwingi kwa pamoja bila mpangilio. Waweza kutokana na matatizo ya kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au kuumia kichwa kwa ajali. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Hauambukizi kwa mate wala kwa povu. Akapewa vidonge vya kumeza kila usiku. Mwezi wa pili dawa ziliisha, siku chache zikapita bila kununuliwa, akaanguka. Tangu siku hiyo hajazikosa, na sasa ni miezi mitano hajaanguka hata mara moja. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangegunduliwa mapema na kupata dawa ipasavyo. Bwana Mdogo ni mmoja wa hao. Kidonge kimemsaidia kuliko kuzamishwa kwa Porygon.

Mie nilimwuliza daktari kuhusu gemu, maana bado nilikuwa na dukuduku. Alitabasamu. Akasema wako watu wanaoangushwa na mwangaza wa kumwesa, lakini ni wachache, kiasi cha 3 katika kila 100 wenye kifafa. Akaniuliza, "Hiyo Game Boy yako kioo chake kina taa?" Nikasema hakina, ndiyo maana tulikuwa tukiimulika kwa taa ya betri. Akasema, "Basi mwenyewe umeshajibu."

WATAKAONIPINGA

Wakili mwema husikiza upande wa pili. Watakuwako watakaosema, "Lakini wale 685 wa Japani waliumia kweli. Wewe watetea gemu kwa sababu wazipenda." Nakubali waliumia. Tena nasema kuwa mwangaza ule ulikuwa hatari, na kila anayetengeneza katuni, video au gemu apaswa kujua hivyo. Lakini angalieni walichofanya Wajapani. Mbali na kumnyamazisha Porygon, walitafuta chanzo. Wataalamu walipima mara ngapi mwangaza umemwesa na rangi gani imetumika, na mwaka 1998 vituo vya televisheni vikawekewa mwongozo wa kupunguza mimweso ya namna hiyo, hasa ya rangi nyekundu. Leo watengenezaji wa video huonywa wasizidishe mimweso 3 kwa sekunde. Kanuni hizo ndizo zinazowalinda watoto hadi leo. Kumfungia Porygon hakumlindi hata mmoja. Sisi nyumbani kwetu tulifanya ile nusu isiyo na faida, tukaiacha nusu yenye faida.

Wengine watasema kuwa gemu zapoteza wakati, na kwamba hiyo ya Porygon ina mashine za kamari ambazo mchezaji huzipigia sarafu. Hilo ni kweli, na sitalificha. Matoleo ya baadaye yaliziondoa mashine hizo, na nafikiri walifanya vyema, hasa nikiona vijana wa mtaani kwetu wanavyomaliza pesa za chakula kwa kubeti. Kama mwataka kuishtaki gemu kwa kamari, shtakini, na mie nitakuwa shahidi wenu. Lakini mtu aliyeiba kuku asifungwe kwa kuua ng'ombe. Kila kosa na mwenyewe.

Wako pia watakaosema nimewavunjia heshima wazee na imani yao. Hasha! Nyanya yangu alikitaka kidude kitoke kwa sababu alimpenda mjukuu wake, na ndicho kitu alichoweza kukiona. Hatujagombana. Mpaka leo nyanya humsomea Bwana Mdogo dua kila usiku, na mie humletea maji na kidonge. Dua na dawa hulala nyumba moja na hazipigani.

TUFANYE NINI?

Hapo karibu nasi Kengeleni ipo ile kengele ya zamani ya Frere Town, mji uliofunguliwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele hiyo ililizwa kuwaonya watu kuwa wauza watumwa wanakuja. Ni chuma kitupu. Lakini watu wa wakati huo walikuwa na busara. Ilipolia hawakuipiga mawe wakasema ndiyo iliyoleta maadui. Walitazama upande adui anakotoka. Kuanguka kwa mtoto ni kengele. Tutazame upande ule.

Kwa hiyo naomba mambo machache, na nayaomba hapa shuleni kwetu, kwa maana muhula uliopita msichana mmoja alianguka paredi asubuhi na tukakimbia zaidi ya wanafunzi 100, wavulana mbele.

Kwanza, tujue la kufanya. Mwenzako akianguka, ondoa mawe, viti na vitu vigumu vilivyo karibu naye. Mwekee sweta au mkoba laini chini ya kichwa. Legeza tai au ushungi shingoni. Mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni. Tazama saa. Akizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazindukana, apelekwe hospitali haraka. Kaa naye mpaka akili zimrudie, na akizinduka usimuulize maswali mbele ya watu. Hayo hayahitaji pesa. Naomba Chama chetu kiyaandike kwa Kiswahili safi na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo.

Pili, tuchunge ulimi na kalamu. Katika insha zetu tuna tashbihi tunayoipenda, ya kuwa fulani alianguka au alitetemeka "kama mwenye kifafa". Mie mwenyewe niliitumia Kidato cha Kwanza na nikatiwa alama ya sahihi. Sasa nafikiria huyo msichana wa paredi akiisoma insha kama hiyo ikibandikwa ukutani kuwa ni bora. Kiswahili kina tashbihi tele. Hatutapungukiwa tukiiacha moja.

Tatu, walimu wetu wapendwa, mwanafunzi akiduwaa, kabla ya kumwadhibu muulizeni mzazi wake. Huenda ni usingizi wa kukesha kwenye simu. Lakini huenda ni ile ya Bwana Mdogo.

Na nne, shule zisiwafukuze. "Mpaka apone kabisa" ni maneno ya upole yenye maana ya "msimrudishe". Mtoto anayemeza dawa zake aweza kusoma kama mwingine yeyote. Bwana Mdogo yuko nyumbani tangu muhula wa pili. Asubuhi huvaa sare, akakaa barazani akiwatazama wenzake wakipita. Jioni mie humfundisha hesabu na kusoma, na wallahi ana akili kunishinda nilipokuwa na umri wake. Mama ameandika barua pamoja na cheti cha daktari ili arudi Januari. Hadi naandika haya, jibu halijaja.

Namalizia na Porygon. Juzi Bwana Mdogo alinichorea ndege wa vipande vipande, waridi na buluu, akamtia mdomo wa bata. Nikamwambia, "Huyu si ndiye aliyekuangusha?" Akanijibu, "Kaka, mie nilianguka mwenyewe. Yeye alikuwa ndani ya gemu." Mtoto wa miaka 9 aliyenyimwa darasa ameelewa kile ambacho mtaa mzima haukukielewa. Mchoro huo nimeubandika juu ya kitanda, na nyanya ameuona na hakusema kitu.

Wasalaam.